Siku Fundi Alipoweka Vifuniko Vyote

Kwanza niliseme hili wazi, mama yangu asije akapandwa na presha akisikia: hatukuwahi kuweka dau la hata metikali moja ya pesa. Tuliweka vifuniko vya soda. Na tulichokuwa tukishindania hakikuwa mali, ilikuwa zamu ya kubaki kazini siku ya Idi Kubwa, kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitaka. Kama ni dhambi, basi ni dhambi ya watu watatu waliokuwa wakikimbia kazi, na nadhani ziko kubwa kuliko hiyo.

Kazi yenyewe ni ya barafu. Bandarini Mocímboa da Praia, nyuma ya pale samaki wanaposhushwa, kuna kiwanda kidogo cha barafu, na watu wake ni sisi. Mimi naandika risiti na kushika ufunguo wa ghala. Fundi anatunza mashine. Shangazi anavunja mapande, anapima na kujaza magunia. Si shangazi wa yeyote kati yetu. Amevuka hamsini, kwao ni kisiwani Macaloe, na kila anayekuja kununua barafu anamwita hivyo, hata wanaomzidi umri. Ana mikono iliyokwisha kuzoeana na baridi na ulimi usio na haraka. Mimi ni kinyume chake. Sisi kwetu ni watu wa biashara, babu aliingia hapa na marobota ya kanga kutoka Lindi, na nyumbani neno hujibiwa kabla msemaji hajalimaliza.

Mashine ya barafu haijui Idi. Mashua za Rongui na Macaloe huja na samaki hata siku ambayo watu wazima wanakula pilau, na barafu ikikosekana asubuhi ile, mchana soko zima linanuka. Kwa hiyo mmoja lazima abaki. Mwaka wa kwanza tulivuta vijiti, Fundi akaapa kwamba vijiti vilikatwa kwa hila. Mwaka wa pili chefe, bosi wetu, alipanga mwenyewe, akafaulu kutukasirisha sote watatu kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi. Mwaka uliofuata tukasema: karata ziamue.

Karata za namna hiyo tulifundishwa na mtu wa kupita. Meli moja ndogo ya mizigo iliharibika pampu, ikakaa gatini majuma sita ikingoja kipuri, na enjinia wake akawa anakuja kwetu kutafuta ubaridi. Kireno chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Ndiye aliyetufundisha poka, ile aina inayoitwa Omaha. Kila mtu anapewa karata nne za kuficha. Mezani zinafunuliwa tatu kwa mpigo, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila zinapofunuliwa mnaweka dau. Mwenzio akiongeza, ama unamfuata, ama unaongeza juu yake, ama unazitupa karata zako na kuacha ulichokwisha kuweka. Mwisho unaunda mkono wa karata tano, na hapo ndipo penye sheria aliyotuimbisha kama watoto wa madrasa: mbili za mkononi, tatu za mezani, si zaidi na si pungufu.

Sheria tulizishika. Kilichotusumbua ni mazoea. Pwani hii, anayejua karata amekua na turufu, ule mchezo ambao Wareno wanauita sueca, na katika turufu seti ni bwana mkubwa. Seti, yaani ile saba, anayeipiga ni ree peke yake, ile karata ya moja. Hata mzungu wa nne, ambaye ndiye mfalme, anainama mbele ya seti. Katika Omaha seti ni saba tu, kitu cha katikati, na mfalme ni mfalme. Fundi alikuwa bingwa wa turufu tangu hajaota ndevu. Juma la kwanza alinyoosha mkono akakumba vifuniko vyote kwa seti mbili, wakati mimi nimelaza wafalme wawili, na nilipolalamika akaniuliza nimelelewa wapi. Enjinia alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamweleza. Fundi akaelewa, na tangu siku ile hakurudia. Mimi nikalisahau jambo lenyewe. Shangazi hakulisahau.

Niseme alivyokuwa akicheza Shangazi, maana ndilo lililonifanya niandike haya. Alizitazama karata zake mara moja, akazilaza, hakuzigusa tena. Mimi nilikuwa nikizifunua kila dakika kana kwamba zitabadilika kwa kuonewa huruma. Siku moja nilimuuliza mbona hazitazami.

"Nishaziona, mwanangu," akasema. "Nkizitazama tena zitaniambia nini kipya? Ntazame mtu. Mtu ndiye anayebadilika."

Mwaka huo wa karata, Idi ilikuwa na uzito kwake kuliko kwetu. Mama yake, mzee aliyekwisha kupoteza hesabu ya miaka yake, alikuwa amerudi Macaloe miezi michache nyuma, baada ya kuhangaika miaka kwenye nyumba za watu kule Pemba, ule mji wa kusini kwetu, si kile kisiwa, kwa sababu ya vita. Nyumba yake ilikuwa imeezuliwa, wajukuu wakaiezeka upya. Hiyo ingekuwa Idi yake ya kwanza chini ya paa lake mwenyewe. Shangazi alikuwa amekwisha kununua doti mbili za kanga, moja yake na moja ya mama, na amekwisha kusema na mwenye mashua ya injini itakayoondoka mkesha wa Idi. Hakutuficha. Alituambia tangu mwanzo, kwa sauti ileile anayotajia bei ya barafu, kisha akasema tucheze kama kawaida, asionewe huruma na mtu.

Tulicheza Alhamisi, baada ya adhuhuri, wakati mashine inagandisha na hakuna la kufanya mpaka alasiri. Tulikaa nyuma ya ghala, meza yetu ni kreti la samaki lililopinduliwa. Makubaliano yalikuwa haya: atakayemaliza vifuniko vyake kwanza ndiye atakayebaki na mashine siku ya Idi. Kwa mara ya kwanza maishani mimi nilikuwa na bahati, nikawa na rundo kubwa kuliko wote. Wao wawili walikuwa sawa kwa sawa.

Ukaja mzunguko wenyewe. Mimi ndiye niliyegawa. Karata zangu zilikuwa takataka, nikazitupa mapema. Kwetu aliyetupa aliruhusiwa kukaa nyuma ya mwenzie na kuona karata zake, ilimradi afunge mdomo, nami nikasogea nyuma ya Shangazi. Alikuwa na wafalme wawili, wa pau na wa shupaza. Alikuwa na ree ya kopa. Ya nne ilikuwa tano ya uru, isiyo na kazi.

Nikafunua tatu za mezani: mzungu wa nne wa kopa, seti ya kopa, tatu ya shupaza. Moyo wangu ukaruka kwa niaba yake. Wafalme watatu! Akaweka vifuniko vichache, Fundi akafuata na kuongeza kidogo, Shangazi naye akafuata. Nikafunua ya nne. Tisa ya kopa.

Hapo nikaanza kuona mambo kwa macho ya mtu mwoga. Mezani kulikuwa na kopa tatu. Mtu akiwa na kopa mbili mkononi anatimiza tano za rangi moja, na tano za rangi moja zinawala wafalme watatu asubuhi na mapema. Shangazi mwenyewe alikuwa na kopa moja tu, hiyo ree, na katika Omaha kopa moja ni sawa na kutokuwa nayo, kwa sababu lazima mkono utoe mbili. Akaweka dau dogo. Fundi hakungoja. Aliviweka viganja vyake viwili nyuma ya rundo lake, akalisukuma lote mpaka katikati ya kreti, na kifuniko kimoja kikaanguka chini.

"Vyote," akasema. "Haya, Shangazi. Mashua hiyo, mashine hii. Chagua."

Nataka msomaji aone shida ilivyokuwa. Akizitupa, anapoteza alivyokwisha kuweka, lakini anabaki na vya kutosha kuendelea, na alasiri haijafika. Akifuata akashinda, Fundi amekwisha na yeye anakwenda kwa mama yake. Akifuata akashindwa, ndiye atakayebaki, na hakuna kurudia. Ningekuwa mimi ningezitupa bila kuvuta pumzi. Nusu shari kuliko shari kamili, ndivyo tulivyolelewa kwetu, na kwa kanuni hiyo babu yangu alikufa na duka lilelile aliloanza nalo.

Shangazi hakugusa vifuniko, hakugusa karata. Mashine ilikuwa ikinguruma ukutani. Alimtazama Fundi, si kwa ukali, bali kama anavyoutazama mshale wa mizani ukiwa bado unacheza, akingoja utulie. Fundi akajikuna shingo, akacheka, akasema anazeeka hapa kwa kungoja. Kisha Shangazi akasema neno lililonishangaza, kwa sababu macho yake ni mazima kuliko yangu.

"Mdogo wangu, leo sioni vizuri. Hebu nsomee za mezani."

"Shangazi naye!" akasema Fundi, lakini akasoma, akizigusa kwa kidole. "Seti ya kopa. Mzungu wa nne wa kopa. Tisa ya kopa. Na hiyo tatu ya shupaza. Umesikia sasa?"

"Nimesikia. Ahsante."

Akasukuma vifuniko vyake vyote katikati, kwa ukingo wa kiganja, taratibu, kama anayekusanya unga mezani.

Ikabaki karata moja. Kwetu hakuna aliyeonyesha mkono wake kabla ya karata ya mwisho, kwa hiyo sikujua Fundi ana nini. Nilijua tu kwamba karata iko chini ya kidole changu. Nikaifunua. Seti ya pau.

Fundi alipiga yowe hata mtu wa mizani ya samaki kule nje akauliza kuna nini. Akalaza seti mbili za mkononi mwake, ya uru na ya shupaza. Pamoja na mbili za mezani zikawa nne. Seti nne, mkono usioweza kuguswa na wafalme hata wakija na majirani zao.

"Nlikuonya!" akawa anasema, akizunguka kreti. "Nlikuonya usinifuate! Mtu ananfuata mimi na seti zangu!"

Shangazi alizigeuza karata zake kifudifudi bila kuzionyesha, akazitia katikati ya nyingine. "Umeshinda, mdogo wangu," akasema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mpe salamu mkeo." Akainuka, akavaa mabuti yake ya mpira, akaenda kufungua maji ya mashine, maana alasiri ilikuwa imekaribia.

Mimi ndiye niliyekasirika. Nilimkasirikia Fundi kwa kelele zake, nikaikasirikia karata, nikaukasirikia mkono wangu uliofunua. Zaidi ya yote nilimkasirikia Shangazi. Nilimfuata ghalani, nikamkuta anavunja pande, nikamwambia alifanya pupa, angetupa angekuwa bado yuko mchezoni.

Aliendelea kuvunja. "Ree ya kopa ilikuwa kwa nani?" akaniuliza.

"Kwako."

"Haya. Mwenye kopa mbili ndogo na ree haioni, anasukuma vyote? Huyo ana hofu. Anaweka kidogo kidogo, anauliza njia. Fundi hakuwa na hofu hata chembe. Sasa nani hana hofu hapo? Mwenye ree, na ree ninayo mimi. Au mtu asiyejua kwamba ameshindwa."

Nikamshikia mdomo wa gunia.

"Mezani alianza mzungu wa nne, ndiye uliyemfunua wa kwanza. Fundi kasoma nani kwanza?"

"Seti," nikasema, na hapo hapo nikahisi nywele zinanisimama.

"Seti, kisha mfalme, kisha tisa, kisha tatu. Kazipanga kwa cheo cha turufu, mwanangu. Akipata moto, anarudi kwao. Kwa hiyo nkajua ana seti, na anaona zinampiga mfalme yeyote nliye naye. Kwenye karata zote zilizobaki, iliyokuwa na uwezo wa kumwokoa ni moja tu." Akalitia pande kwenye gunia, akalikaza kamba. "Ndiyo iliyokuja."

Nimewahi kuwaona watu wenye akili. Nimekaa mbele ya wanasheria, mbele ya watu wa forodha wanaoweza kukusoma begi kwa kutazama viatu vyako. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mwanamke huyu, Idi ya mama yake ikiwa juu ya kreti, mtu anampigia kelele usoni, alipata utulivu wa kujiuliza mwenzie anaogopa nini, kisha akatafuta swali moja dogo lisilo na madhara, akalipata jibu, akalifuata hadi mwisho. Nilimpenda siku ile, kama mtu anavyompenda mwalimu. Na alikuwa ameshindwa. Vyote viwili vilikuwa kweli, na kwa mtu wa duka kama mimi, anayepima jambo kwa kilichobaki kwenye droo, vilichukua siku nyingi kukaa pamoja kichwani.

Nikamwambia, "Shangazi, nenda kwa mama. Mimi ntabaki."

Aliniangalia kama anavyoutazama ule mshale wa mizani, mpaka ukatulia.

"Sauti yako inaomba nkatae," akasema. "Basi nakataa. Nenda kwa watoto wako."

Ilikuwa kweli. Wanangu walikuwa wanatoka Mtwara kwa bibi yao, na nilipolitoa neno lile nilikuwa nikiombea lisipokelewe. Aliona, na hakunidharau kwa hilo. Niliona haya mpaka masikioni, na haya hiyo ninayo hadi leo.

Siku ya Idi, baada ya sala na baada ya kula, nilifunika sahani ya pilau kwa kawa, nikaenda kiwandani. Nilitarajia kumkuta na kanga kuukuu na uso wa siku ya kazi. Nilimkuta amevaa doti mpya, hina mikononi mpaka kwenye vifundo, wanja machoni, na chini mabuti ya mpira. Alikuwa akipima barafu ya mashua ya Rongui, na wale wavuvi walikuwa wakimwamkia kwa adabu kana kwamba wameingia sebuleni kwake. Walipoondoka akaosha mikono, tukala. Simu yake ilikuwa juu ya mizani. Kisiwani mtandao unapatikana mahali pamoja tu, nyuma ya msikiti, na mjukuu alikuwa amempeleka bibi huko akiwa ameshikwa mkono, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kauliza mbona sikuja. Nkamwambia nlipiga hesabu vizuri, haikutokea. Kasema hata baba yangu alikuwa hivyohivyo." Akacheka kidogo.

Fundi alikuwa kwake, na habari zilikuwa zimekwisha kuzunguka mtaa mzima jinsi seti zake zilivyomtisha Shangazi. Sikuweza kuvumilia. Nikasema nitamwambia leo hii, mbele za watu, kwamba alikuwa ameshindwa na hajui.

"Usithubutu," akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia ukali. "Nimebaki na mashine Idi nzima kwa ajili ya lile kosa lake. Ni langu sasa. Ukimwambia, mwakani ataongeza kwa akili."

"Lakini ungezitupa ungekuwa Macaloe leo, huenda."

"Huenda."

"Zikija karata zilezile, naye akasukuma vyote vilevile?"

"Nafuata," akasema. "Hata sasa hivi, na mkono huu una mafuta ya pilau."

Nikataka kusema mwakani Mungu akipenda atashinda. Nikaanza, "Mwakani mama yako..." na neno likanikwama, kwa sababu nilimkumbuka yule mzee, na nikaona nilikuwa nikielekea wapi. Nikaitazama pilau.

"Sema tu," akasema Shangazi. "Mwakani huenda hayupo. Unadhani sikulijua nlipokuwa nmekaa pale? Ningekuwa na Idi kumi mbele yangu ningezitupa zile karata, ningengoja. Nna hii moja. Ndiyo maana nlifuata."

Nje mtu aligonga bati, akauliza kama barafu ipo. Shangazi akajibu ipo, akajifunga kanga mpya vizuri kiunoni isilowe, akaenda.